Hukuwa Unanitania

Mtani wangu Masanja,

Nilitaka nianze kwa kukutukana kama kawaida yetu, mla michembe ya viazi we, lakini mkono umekataa. Tangu nilipokuua sijamtania Msukuma yeyote. Ndiyo, nimeandika "nilipokuua". Mahakamani waliandika kwa urefu zaidi: kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari.

Kifungo nimekimaliza. Hata muda wa kunyimwa leseni umekwisha, lakini nani atanipa gari? Kila kampuni hapa Geita ina fomu, na kila fomu inauliza kama umewahi kutiwa hatiani. Najaza ndiyo, naona uso wa afisa unabadilika, kisha naambiwa nitapigiwa simu. Sasa nasaga mawe kwenye karasha, mimi niliyekuwa nikiingiza Fuso uchochoroni bila kugusa ukuta. Mke wangu alirudi kwao Kisarawe na mtoto. Simlaumu, ila chumba kimekuwa kikubwa mno.

Lakini si hayo yaliyonifanya nikuandikie.

Unakumbuka siku ile. Tulikuwa tumepakia mchele Shinyanga, wewe utingo wangu, mimi kwenye usukani, na lile Fuso jekundu likatupita likipiga honi. Nikalifukuza. Ukasema, "Bebe, wewe Mzaramo, punguza, hili si toroli la nazi." Nikacheka, nikakanyaga mafuta. Ukasema nikikuua nitaibeba maiti yako mgongoni hadi kwenu Kolandoto. Nikacheka tena. Hayo ndiyo niliyomwambia hakimu: mheshimiwa, marehemu alikuwa mtani wangu, nilidhani ananitania. Watu wakaguna, wengine wakacheka. Hakimu naye ana watani wake. Akanipunguzia adhabu.

Maneno hayo hayakuishia mahakamani. Madereva wa malori wameyafanya mzaha. Mtu akienda kasi wanapiga kelele, "Punguza, mtani!" halafu wanaangua kicheko. Wanakucheka wewe, eti mdomo wako ndio uliokuua. Na mzaha huo umefika hadi kwa mama yako.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwona. Nilimkuta anapepeta mtama. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Badala yake akasema, "Mwanangu alizidi utani. Nilimkanya tangu mdogo, hakusikia."

Alikuwa anakulaumu wewe, Masanja. Miaka yote hii, mimi nipo hai, anakulaumu wewe.

Nikamwambia nililomficha hakimu. Kwamba karibu na kona tuliyopatia ajali ulinishika bega, ukasema taratibu, "Kondo, nakuomba." Hukuwa umewahi kuniita Kondo, hata siku ya harusi yangu. Nilijua si utani. Nilijua! Nikaendelea kukanyaga mafuta, kwa sababu lile Fuso lilikuwa limebaki mbele kidogo tu, na sikutaka dereva wake anicheke.

Mama hakupiga kelele. Aliweka ungo chini, akalia kwa muda mrefu. Mimi nimekaa pale, sina pa kuiweka mikono yangu. Alipomaliza akasema, "Kumbe aliomba." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Sijui kama atanifungulia tena. Asiponifungulia ni haki yake. Nilipokuwa naondoka nilimsikia anakuita huko ndani kwa jina lako la utotoni, anakuomba radhi. Niliona aibu ambayo hata gerezani sikuiona.

Kwaheri, ndugu yangu. Kesho asubuhi nitakwenda wanapoegesha malori, wakati wa chai, wakiwa wote. Nitawaeleza ulivyonishika bega na ulichosema. Watanitukana, na huenda hata hicho kibarua cha karasha nikakikosa habari ikifika. Sawa. Nakuahidi, kila nitakapokusikia ukitajwa, nitasimama niseme kwamba uliniomba, na nilikusikia.

Kondo