Mke Wangu, Usiukomee Mlango

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Marereni

Jina: Simeon Okoth
Umri: Miaka 36
Kazi: Fundi wa tovuti
Makazi: Kisumu Ndogo, Malindi

Mimi ndiye niliyemjengea marehemu mzee Mwaro Fondo wa Marereni blogu yake. Mfumo wote niliuandika mwenyewe kwa PHP, na maandiko yanakaa kwenye hifadhidata ya MySQL. Mzee alikuwa mwalimu mstaafu. Aliandika habari za mashamba ya chumvi, na kila andiko lilitoka na jina lake na picha yake, amevaa kofia. Nilimpenda, ingawa alinisumbua sana kwa simu.

Kwenye jedwali la waandishi niliweka sharti kwamba majina mawili yasifanane. Sikujua kwamba katika nyumba hii mjukuu hubeba jina la babu zima zima. Mzee ni Mwaro Fondo, mwanawe ni Fondo Mwaro, mjukuu ni Mwaro Fondo tena.

Mzee alifariki mwezi wa Septemba. Mjukuu, anayefanya kazi hotelini Kikambala, akataka kuiendeleza blogu. Alipojisajili, mfumo ukamkatalia kwamba jina hilo lina mwenyewe. Hakuniuliza. Neno la siri la babu alilijua, akaingia kwa akaunti ya babu.

Mnamo tarehe 14 Novemba 2025, Ijumaa, alasiri, mteja wangu aitwaye Bridgit alinipigia akaniuliza kama mfumo wangu unafufua watu. Nikafungua blogu. Picha ya mzee, jina la mzee, na maneno yaliyokuwa pale tangu Jumatano: "Mke wangu Kahaso, Ijumaa jioni nakuja. Usiukomee mlango."

Nililiondoa andiko, nikampigia mjukuu. Alikuwa safarini kwenda kwa bibi yake, ambaye husomewa blogu. Alicheka. "Bibi si mke wangu? Tangu nizaliwe ananiita mume wake." Nilipomwambia limetoka na picha ya nani, aliniomba nimwahi bibi.

Nilipanda gari nikafika Marereni saa moja jioni. Mlango wa Bi. Kahaso, mjane wa mzee, ulikuwa wazi, haukuvunjwa. Alikuwa chini, kichwa kinavuja damu. Waliompiga sikuwaona. Majirani walisimama mbali. Mmoja wao, Mwambire, aliniambia vijana walioisoma blogu wamekuwa wakisema bibi ni mchawi, anafuga maiti ya mumewe. Ni yeye peke yake aliyekubali kunisaidia kumbeba. Niliwachukia wale wengine, na bado nawachukia.

Hospitalini bibi aliniambia, "Nilisikia miguu, mwanangu. Nikasema, karibu, mlango uko wazi."

Nikamuuliza alikuwa akimngoja Mwaro yupi.

Akasema, "Wangu."

Afisa ameniuliza kama andiko limepotea. Halijapotea. Kwenye mfumo wangu ukibonyeza "futa", andiko hufichwa tu. Hifadhidata bado inalo.

Niliyoyaona na kuyasikia ndiyo haya, nayasimamia.

Sahihi: S. Okoth

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili, akayakubali na kutia sahihi mbele yangu. Nimemwagiza asiliguse andiko kwa kuwa ni ushahidi. Aliomba niandike kwamba Bi. Kahaso amemtaka alirudishe kama lilivyokuwa, na picha ya mzee. Nilimjibu haiwezekani. Aliuliza nani atakayemwambia bibi.

Sajini L. Kahonzi