Nilipoita Moto, Wakaanza Kukunja Nguo

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako kabla Alhamisi haijafika, maana nimekwama na wa kumweleza sina, kwa sababu mtu ambaye huwa namweleza mambo yangu yote ndiye huyo huyo mwenye kesi.

Mimi ni mkaguzi wa zimamoto, na najua watu wakisikia zimamoto wanafikiria king'ora na mipira ya maji, lakini kazi yangu mimi ni ya kuzuia, napita madukani, shuleni, kwenye karakana na nyumba za wageni, naangalia nyaya, naangalia mitungi ya kuzimia moto, naangalia kama njia za kutokea ziko wazi, nikikuta kasoro namweleza mwenye mahali, nampa muda arekebishe, kisha narudi, na nikirudi nikakuta mambo ni yale yale ndipo napafunga mpaka parekebishwe. Kazi hii naipenda. Sasa juzi juzi tulibadilishiwa mitaa, nikapewa mtaa wenye karakana ya ushonaji ya shangazi yangu, dada wa baba, ambaye ndiye aliyenilea baada ya wazazi wangu kufariki, na badala ya kumwambia mkuu wangu kwamba pale ni nyumbani kwetu nilinyamaza, nikajiambia kwani nani atamkagua shangazi kwa upole kama mimi.

Karakana iko ghorofani, chumba kimoja kirefu, cherehani zimepangwa huku na huku, pasi ziko upande wa madirisha, mbele kuna ngazi ya kushukia mtaani na nyuma kuna mlango wa kutokea kwenye ngazi ya chuma inayoshuka uani. Wasichana wanaojifunza ushonaji wanajaa humo. Nilifika nimevaa sare kamili, nikaamkia, shangazi akaitikia, akanizunguka akinitazama, akasema, "Umekonda. Na nani amekupunguzia mabega ya koti vibaya namna hii? Vua." Nikavua, mshauri, ningefanyaje, kwa hiyo ukaguzi wenyewe niliufanya bila koti, koti likiwa mezani linachorwa chaki.

Nikauliza mtungi wa kuzimia moto uko wapi, mtungi ambao nilimpa mwenyewe kama zawadi nilipoajiriwa, nikaonyeshwa juu ya kabati, karibu na dari, umevishwa gauni la kitambaa cha kufuma lenye lasi shingoni, umekaa kando ya picha yangu ya mahafali. Nikamuuliza msichana mmoja unatumiwaje, akanijibu kwa adabu, "Ule ni wa kuangalia tu, dada." Shangazi akadakia, "Zawadi ya mwanangu itakaaje chini na mavumbi?"

Nikaenda nyuma. Mlango hauonekani. Umezibwa na nguo ambazo wateja walishonesha wasirudi kuzichukua, zimetundikwa tabaka kwa tabaka, kuna suti ya bwana harusi ambaye harusi yake ilivunjika, kuna sare ya mtoto ambaye kwa hesabu zangu sasa hivi ana ndevu. Nikamwambia shangazi hizi ziondoke, akasema hizi si zangu wala zako, ni za watu, mwenyewe anaweza kuingia leo hii. Nikamwambia huyu wa sare amekuwa baba wa mtu. "Akija na ndevu zake nitamwongezea kitambaa," akajibu. Nikatoa futi kupima uwazi uliobaki, wasichana wakaziba midomo wasicheke, shangazi akaniambia, "Futi haishikwi hivyo, inyooshe, au hukufundishwa kwenu?"

Basi nikasema tufanye jaribio, nikisema moto, kila mtu atoke. Nikapiga kelele, "Moto! Moto!" Mshauri, wale wasichana walitoa miguu kwenye makanyagio, wakakata nyuzi, wakakunja kazi zao, kila mmoja akaifunika cherehani yake, wawili wakapitisha sumaku sakafuni kuokota pini, halafu wakapanga mstari mbele ya meza ya shangazi wakisubiri aseme "Haya, nendeni," kwa sababu ndivyo karakana ile inavyofungwa kila siku tangu mimi sijajua kusoma, hakuna anayetoka kabla ya kukunja na kuokota. Shangazi akanitazama kwa fahari, "Umeona nidhamu hiyo?" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, nikampa muda wa kurekebisha, nikaaga, lakini nilipokuwa nashuka ngazi nikauona ule mstari tena kichwani mwangu, safari hii ndani ya moshi, wamesimama wamenyooka wanasubiri ruhusa, nikalazimika kukaa pale pale kwenye ngazi.

Alhamisi ndiyo siku ya kurudi. Hajagusa hata hanga moja. Fundi viatu wa chini, ambaye nilimwamuru aondoe gundi na mafuta yake kwenye ngazi naye akaondoa, ananiuliza kila nikipita, "Na huko juu je, afisa? Au moto unajua undugu?" Nilipomwambia shangazi kwamba nikikuta mlango umezibwa nitapafunga, aliweka mkasi chini polepole akasema, "Utafunga chumba ulichojifunzia kutembea ukishikilia kanyagio langu?" Tangu hapo nikimpigia simu anajibu "Sawa, afisa," basi, hanitanii, hanigombezi, na hata koti langu bado analo, anasema mabega hayajakaa sawa, mimi naazima la mwenzangu linanipwaya kama pazia.

Niandike kwamba amepita, nibaki na mama yangu, au nifunge nimpoteze? Wasichana wale nawafikiria, na yeye namfikiria. Nisaidie.

Mwana wa Chumba cha Cherehani

*

Marahaba, mwanangu. Nami nilicheka, hasa pale koti lilipochorwa chaki, na nilipofika kwenye mstari wako wa moshi nikaiweka barua chini kidogo kabla ya kuendelea.

Nikugombeze kwanza ili tumalizane. Ulipopewa mtaa ule ulitakiwa kusema siku ile ile: hapa ni kwetu, mpeni mwingine. Ulinyamaza ukijidai unafanya upole. Ngoja nikueleze kwa nini utaratibu huo upo, maana watu hudhani umewekwa kwa ajili ya wala rushwa. Umewekwa kwa ajili ya watu wema kama wewe. Mtu aliyelelewa ndani ya chumba hakioni kama mgeni anavyokiona. Wewe umepita mbele ya zile nguo miaka mingi, umekula pale, umelala pale na kuota pale, na sikusikii ukisema kwamba uliwahi kuona kuna mlango nyuma yake mpaka uliporudi umevaa sare. Na hata ulipoona, ulicheka, ukatoa muda, ukaaga. Kwa fundi viatu uliamuru. Yule bwana ana haki ya kuuliza anachouliza, tena msalimie.

Sasa tuje kwenye swali lako, ambalo umeliuliza vibaya. Unauliza uandike amepita au ufunge. Hayo yote mawili si yako tena. Leo hii, kabla hujala chakula cha mchana, nenda kwa mkuu wako, mwambie, "Karakana ile ni ya shangazi yangu aliyenilea, nilipaswa kusema, naomba Alhamisi aende mwingine." Atakukaripia, lakini umeshakaripiwa na shangazi, utaweza. Akienda mwenzako akakuta mlango umezibwa, atapafunga, na wewe hutampigia simu kumwombea shangazi. Hata kidogo. Nimesema hili mapema ili usije ukasoma yanayofuata kama njia ya kulikwepa.

Ukishatoka kwa mkuu, wewe si mkaguzi wa pale tena. Umebaki kuwa mtoto wa nyumba, na mtoto wa nyumba ana uwezo wa kufanya mambo ambayo mkaguzi hana.

Mkaguzi anaweza kusema nguo ziondoke. Hawezi kuuliza ziende wapi. Wewe hukuuliza pia, ndiyo maana shangazi yako hakusogea. Unamwona mkaidi, mimi namwona mtu ambaye hajawahi kuuza wala kugawa kitambaa cha mteja wake, na wewe umekuja kumwambia zile ni takataka za mlangoni. Hukutumia neno hilo, lakini ndivyo alivyosikia. Basi ziende kwako. Ndiyo, kwako. Una chumba, una kabati, una sebule. Zifungashwe vizuri, kila moja na kikaratasi cha jina, na mlangoni pa karakana pawekwe tangazo kwamba nguo za zamani ziko salama, mwenyewe aulize. Ukae na ile suti ya bwana harusi ikikutazama wakati unakunywa chai. Ukiona nguo hizo zinakubania nafasi, utaelewa kwa nini wale wasichana wanahitaji mlango.

Mtungi nao ushuke kabatini. Uvue gauni, redio ya nyumbani ndiyo ivae. Upelekwe ukakaguliwe, maana tangu uajiriwe ni muda, kisha utundikwe ukutani karibu na njia ya kutokea, mahali mkono wa msichana mfupi kuliko wote unapofika, na kila mmoja aushike, afundishwe kuvuta pini, kuelekeza kwenye shina la moto, kubana mpini na kupitisha dawa huku na huku. Shangazi akisema zawadi itaingia vumbi, mwambie wewe ulitoa zawadi ya kumlinda, na kule juu haimlindi. Sema kwa upole. Ni kweli tupu, haihitaji sauti ya juu.

Nimeacha la mwisho kwa sababu ndilo linalokukosesha usingizi. Uliita moto, wakaanza kukunja nguo. Wewe uliona hatari, na ipo. Watu wengi hudhani moto huua kwa kuunguza, kumbe mara nyingi moshi hutangulia, na moshi hausubiri mtu aokote pini. Lakini tazama tena ulichokiona. Chumba kizima cha wasichana kilisikia sauti, kikaacha kazi, na kila mmoja akajua la kufanya bila kusukumana wala kupiga mayowe. Unajua shule ngapi zingetamani nidhamu ya namna hiyo? Shangazi yako amekwisha kufanya sehemu ngumu. Tatizo ni kwamba katika chumba kile kuna amri moja tu ya kutokea, nayo hutoka kinywani mwake. Wewe ulikuja na neno lako kutoka ofisini, wakalitii kwa njia pekee wanayoijua.

Kwa hiyo usiwafundishe wewe. Mwombe yeye. Mwambie, "Shangazi, hawa wananisikiliza mimi kwa adabu tu, ila wewe wanakusikiliza kweli. Nataka uwape amri ya pili." Achague neno mwenyewe, fupi, asilolitumia kwa kitu kingine. Likitoka, kila kitu kinaachwa kilipo: uzi ndani ya sindano, kitambaa nusu kimeshonwa, mkasi umekaa wazi. Hakuna kukunja, hakuna kufunika, hakuna kumsubiri mtu. Watoke kwa mlango ulio karibu, na siku nyingine watoke kwa ule wa nyuma hata kama wa mbele uko wazi, ili miguu iizoee ngazi ya chuma. Neno hilo aweze kulisema yeyote anayeona moshi wa kwanza, maana siku hiyo shangazi anaweza kuwa ameenda kununua vifungo. Na likisemwa, yeye naye atoke. Nawajua mafundi wa nguo, atataka kurudia jora moja tu la kitambaa. Asirudi.

Nakuonya kwamba jaribio la kwanza litamwuma. Kuona kitambaa kinatupwa sakafuni atashika kichwa kama amefiwa. Anza na vipande vya zamani, na usicheke safari hii. Akisema "Tena," ujue amekubali.

Ikitokea amekataa yote haya na Alhamisi pakafungwa, usijifiche. Nenda, kunja mikono ya shati, anza kubeba hadi mlango uonekane, na mwenzako aitwe kukagua upya. Kufungwa ni kwa muda. Umeeleza mwenyewe kwenye barua yako, hadi parekebishwe, ila ulipofika kwenu ukasahau maana ya maneno hayo.

Na sasa neno kuhusu "Sawa, afisa." Limekuuma, nimeona. Lakini mwanangu, wewe mkaguzi unayeona waya uliochubuka nyuma ya kabati, jambo hili limekupita. Mtu aliyekukasirikia kweli angekurudishia koti lako siku ile ile, limekunjwa, ndani ya mfuko wa karatasi. Yeye bado amelishikilia. Anakujibu mkato kwenye simu, kisha anarudi mezani kukushonea mabega.

Basi nenda Jumamosi hii, kabla ya ukaguzi, mikono mitupu, na shati la kazi za nyumbani. Akikuambia "Karibu, afisa," mjibu kwamba afisa atakuja Alhamisi na ni mtu mwingine, huyu ni mwanao, nipe nguo nibebe. Na koti usiliulizie. Akimaliza atakuvalisha mwenyewe.