Nilienda Kulalamikia Bei ya Reli

Jumamosi, Ruiru

Nimejiaibisha, na mke wangu Njeri bado anacheka huko jikoni.

Si nilienda mkutano wa reli mpya pale Kiuu na swali moja tu: mbona kujenga reli ya kutoka hapa hadi Thika ni ghali hivyo? Nikauliza wa kwanza, tena kwa ukali.

Injinia wa mradi, mama mpole, akasema, "Kaa kidogo, mzee. Sikiliza wenzako."

Jirani yetu mfuga kuku akasimama. "Treni ikipiga honi kuku hawatagi. Mtujengee ukuta." Mama mmoja wa kwaya akataka daraja la kuvukia kanisani, lenye paa. Nikaguna. Watu wengine!

"Na wewe, mzee?" injinia akaniuliza.

Hapo nikakumbuka reli itakata njia ya mama yangu ya kwenda kliniki, na magoti yake ndiyo hayo. "Tunaomba njia ya kupita chini ya reli. Iwe na taa. Na isiwe na ngazi."

"Na ile bei?"

"Hiyo... nimeelewa."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Wacha wacheke. Mimi naomba tu waijenge njia hiyo mama akiwa bado anatembea.