Pointi Tano za Kuku wa Pole

Mke mwenzangu Zaituni, marahaba. Huku Kisarawe tu wazima, na mumeo, babu yako, goti limetulia.

Unauliza uchague tahasusi ya sayansi inayosifiwa na wote hapo shuleni Tangini, au ya historia na lugha unayoipenda, na kama pointi zitatosha chuo.

Tahasusi yangu mimi ilikuwa Historia, Jiografia na Kiswahili. Kidato cha sita nikapata pointi tano. Baba yangu, mkulima wa mihogo, alijua mtoto wa jirani kapata kumi na tano. Akaniambia, "Pole, mwanangu," akachinja kuku wa kunifariji.

Mwalimu wangu alipopita nyumbani akamweleza kwamba kwenye daraja la mtihani A ni moja, B ni mbili, kwa hiyo pointi chache ndizo bora. Mwalimu akaendelea: chuo kikuu wanahesabu kinyume, A ni tano, B ni nne, kwa hiyo A moja na B mbili zangu huko ni kumi na tatu, na huko nyingi ndizo bora.

Baba aliishika karatasi yangu ya matokeo kwa mikono miwili, akaniangalia kama ndiyo kwanza nimezaliwa.

"Kumbe hesabu mbili," akasema taratibu, "mtoto yule yule."

Kisha akanipa firigisi, ambayo nyumbani kwetu ilikuwa yake peke yake.

Bibi yako, Mwanahawa