Mwanamke Aliyekawia Kufa Jukwaani

Mama mpendwa,

Salamu kutoka Silver Spring, ambako baridi inaingia hadi kwenye meno.

Jana mimi na dada Njeri tulimpeleka yule mzee Mfaransa, ambaye Njeri anamtunza, kwenye ukumbi wa maonyesho katika mtaa wa Shaw. Maisha yake yote ameandika maneno ya opera, na Kiswahili alijifunzia Lubumbashi. Katika opera yake, mwanamke alichomwa kisu, kisha akaimba muda wa kuivisha githeri, mahindi na maharagwe yake.

Nikamnong'oneza, "Mzee, mbona hafi?"

Akajibu bila kunitazama, "Mke wangu alikufa ghafla, hakusema hata neno moja. Huyu nilimwandikia mengi."

Nikamshika mkono, tukamsikiliza yule mwanamke hadi akaanguka.

Nikikupigia simu Jumamosi, Mama, ongea utakavyo. Sitakuharakisha.

Akupendaye,
Wambui