Msiba wa Irabu

Mke mwenzangu Rehema,

Marahaba, salamu zako zimefika. Mumeo, babu yako, magoti yanamsumbua ila mdomo ni mzima. Huku Ukonga kuku wangu wanataga popote, hata kwenye kofia yake.

Unaniuliza ufanyeje, maana huko ugenini wanakucheka ukitamka Kiingereza. Ngoja nikusimulie.

Usichanani, Vingunguti, nilifundishwa Kiingereza na Sista Pilar, Mhispania. Kwao irabu ni tano kama zetu, basi utitiri wa irabu za Kiingereza ulimtesa yeye kama sie. Jioni moja, tukisomea nyumbani kwetu, akasema, "Leo hakuna aibu. Fungueni midomo!" Tukaachama, tukavuta "aaa", tukavuta "eee", naye akitushinda wote kwa sauti.

Mara mlango ukajaa wanawake, khanga viunoni. Jirani yetu Mama Zuhura alikuwa keshaanza kulia. "Nani katutoka jamani?"

"Hajafa mtu, mama. Tunasoma."

"Mnasoma nini kinachouma hivyo?"

Mikeka ya msiba ilishatandikwa uani na chai ilishabandikwa, kwa hiyo hawakuondoka. Wakacheka mpaka basi, kisha Mama Zuhura akasema, "Sista, hebu tufundishe na sie." Tukaachama mtaa mzima.

Kiingereza changu babu yako anakicheka mpaka leo. Lakini jioni ile watu walikuja mbio kwa sauti zetu, na hakuna aliyeuliza matamshi.

Waache wacheke, mama. Wewe achama. Siku nikisikia umenyamaza, ndipo nitakapojifunga khanga nije.

Bibi yako, Ukonga