Beji Iliyokaa Kwenye Droo

Jumatatu, 4 Machi 1974
Vifua saba, mguu mmoja. Umeme umekatika mara mbili, filamu mbili zimeharibika. Mkulima wa Guta kaletwa kwa lori, bega limetoka. Alianguka akiezua nyumba yake ahamie kijiji kipya. Nilipomshika kumpanga mbele ya mashine akajivuta kama nina ukoma. Wote ndivyo walivyo. Wanasema mwanamume wa eksirei hazai tena. Hata wauguzi wakileta mgonjwa huishia mlangoni. Nimekula mihogo peke yangu. Nimezoea. Si kweli, sijazoea.

Jumatano, 13 Machi
Daktari Mkuu ameniita. Kuna nafasi moja ya masomo ng'ambo, miaka miwili: tiba ya atomiki. Mgonjwa anakunywa dawa yenye mionzi, mashine inaifuata inavyokwenda mwilini. Nchini wanaoijua kazi hiyo ni wa kutafuta kwa taa. Amepeleka jina langu. Miaka sita nimekaa chumba hiki cha giza hapa Musoma na cheo kilekile. Mtu wa eksirei huku anahamishwa au anabaki, hapandi. Nimefurahi mpaka nikacheka. Hapakuwa na wa kumwambia.

Jumapili, 17 Machi
Butiama kwa mama. Nimemwambia. Aliuliza kama huko wanakula ugali.

Alhamisi, 21 Machi
Wizara inataka rekodi ya beji zangu za mwaka mzima. Ndani ya beji mna kipande cha filamu. Unaivaa kifuani ukiwa kazini, na kila mwisho wa mwezi filamu inatumwa Dar wasome umepigwa na mionzi kiasi gani. Yangu sivai. Inakaa kwenye droo nyumbani, ikifika tarehe natuma. Mzee Wambura aliyenitangulia hapa, beji yake ilisomeka juu. Wakamtoa kwenye mashine, wakampa kazi ya kugawa mablanketi stoo. Niliapa yasinikute.
Najipa moyo. Beji safi, mtu safi. Nani atamkataa?

Jumanne, 23 Aprili
Jibu limekuja. Mistari minne. Beji za miezi kumi na miwili hazioneshi chochote, kwa hiyo mwombaji hafanyi kazi ya mionzi. Jina limeondolewa.
Nimesoma mara tatu. Ujanja mwingi mbele giza. Mimi mpumbavu.

Jumatano, 24 Aprili
Vifua kumi na kimoja. Sikumsemesha mtu, wala hakuna aliyeona.

Alhamisi, 25 Aprili
Daktari Mkuu amekasirika kwa niaba yangu. Kaandika barua kwamba Dar ndio waliokosea kusoma, na yeye ni shahidi kwamba nashinda kwenye mashine. Nafasi bado haijapewa mtu. Ilibaki sahihi yake tu. Kalamu ilikuwa mkononi.
Ningeweza kunyamaza. Nilitaka kunyamaza. Lakini huko Dar kuna mtu angelaumiwa kwa kazi aliyoifanya vizuri, na daktari angekuwa ametia jina lake kwenye uongo wangu. Nikamwambia yote, ya droo na ya Mzee Wambura.
Hakufoka. Alisema, "Ndugu Magesa, kumbe hata wewe mwenyewe hujui umekula mionzi kiasi gani."
Akaichana barua. Lakini sikuwa naitazama barua. Miaka sita. Sijui, na hakuna ajuaye. Hilo sikuwahi kulifikiri hata siku moja.

Jumapili, 28 Aprili
Butiama tena. Mvua ya alfajiri, njia tope tupu. Nimemkuta mama anapalilia mtama. Nikachukua jembe la pili. Tulipofika mwisho wa mstari nikamwambia siendi, na aliyenizuia ni mimi mwenyewe.
Alisimama, akafuta jembe kwa mguu.
"Afadhali, mwanangu. Kila siku nilikuwaga naomba Mungu usiende."
Nilikasirika. Nilitaka kumwambia alichoniombea: nibaki na mashine ileile, na mionzi nisiyojua nimekula kiasi gani. Sikusema. Pengine asingeelewa, pengine angeelewa mara moja, na hilo ndilo baya zaidi.
Akaenda kupika. Nilimsikia akiimba jikoni, kitu ambacho sijakisikia tangu baba afe. Nimekaa nje na miguu yenye tope, nikimchukia kidogo. Halafu akaniita, tukala.